Katriji moja, dakika mbili na nusu: tuliyopitia kwenye shindano la filamu za Super 8

Naandika haya kwa ajili ya mtu anayetaka kuingia kwa mara ya kwanza kwenye shindano la filamu fupi za Super 8, yaani zile zinazopigwa kwa utepe wa filamu wa upana wa milimita nane, hasa yale mashindano ya katriji moja, kile kikasha cha filamu kinachoingizwa kwenye kamera. Masharti yake ni machache lakini makali. Unatumia katriji moja tu. Unapiga matukio yote kwa mfuatano uleule yatakavyoonekana, huruhusiwi kukata wala kuunganisha, na unaituma filamu ikiwa bado haijasafishwa, yaani haijatiwa dawa za maabara zinazoitokeza picha. Sauti unaitengeneza kando bila kuiona picha. Mara ya kwanza kuiona kazi yako ni ukumbini, umekaa katikati ya watu wengine wanaoiona kwa mara ya kwanza kama wewe. Mtindo huu ulijulikana zaidi kupitia straight 8, shindano lililoanza London mwaka 1999. Sisi tuliingia shindano la namna hiyo tukiwa marafiki wachache tuliozoea kupiga video kwa simu. Kutunga hadithi tulijua, ila filamu yenyewe hakuna aliyewahi kuishika.

Laiti tungeambiwa mapema kwamba kazi hii inakwisha kwenye karatasi kabla kamera haijatoka mfukoni, tungeokoa muda mwingi. Kwa simu unapiga mengi, unachagua baadaye. Hapa baadaye haipo. Katriji ya Super 8 ina futi 50 za filamu, karibu meta 15, na ndani yake mna fremu, yaani picha mojamoja, 3,600 basi. Kwa kasi ya fremu 24 kwa sekunde hiyo ni dakika mbili na nusu. Kwa fremu 18, kasi iliyozoeleka kwenye kamera nyingi za nyumbani, ni dakika tatu na sekunde 20. Soma masharti ujue shindano lako linataka kasi ipi, kisha zigawe sekunde zako kama mtu anavyogawa maji ya safari.

Rasimu yetu ya kwanza ilikuwa na watu wanne, nyumba mbili na barabara. Hadithi ilikuwa nzuri na tuliipenda, lakini tuliitupa yote. Unapopiga kwa mfuatano, kila kurudi nyuma kwenye hadithi ni kuhama kwa miguu. Ukitaka mama aonekane jikoni, kisha mtoto njiani, kisha mama tena, itabidi upige jikoni, uhamie njiani, urudi jikoni, na ukirudi jua limeshasogea na kivuli ukutani si kile cha mwanzo. Mtazamaji atadhani zimepita saa kadhaa, kumbe kwenye hadithi ni dakika moja. Tulikesha tukibishana juu ya hili, na wapo waliovunjika moyo. Mwishowe tulikubaliana hadithi itafutwe ndani ya masharti yenyewe: tupate sehemu moja, watu wawili, na muda unaotembea mbele tu.

Ndipo ikaja hadithi ya fundi saa. Binti analeta saa ya mkononi ya marehemu babu yake, imesimama. Fundi anaifungua, anaisafisha, anaitia ufunguo, inaanza kutembea. Binti anarudi jioni kuichukua. Karibu yote yanatokea kwenye meza moja iliyo karibu na dirisha moja, asubuhi hadi jioni. Jua lililokuwa likitusumbua sasa likawa linatusaidia kusimulia, kwa sababu mwanga ukipita polepole juu ya meza mtazamaji anaelewa siku inakwenda bila kuambiwa. Nakushauri sana uanzie hapo: orodhesha kwanza yale ambayo shindano linakukataza, halafu utafute hadithi isiyoyahitaji.

Sasa kamera. Kodak ilileta Super 8 mwaka 1965, na kamera nyingi zinazopatikana leo ni za miaka ya 1960 hadi ya 1980 mwanzoni. Kwa hiyo unanunua au kuazima mashine yenye umri mkubwa, na uzuri wa nje usikudanganye. Fungua sehemu ya betri uangalie kama kuna unga mweupe au kutu ya kijani kwenye vyuma. Chungulia lenzi ukiielekeza kwenye mwanga uone kama ina ukungu. Bonyeza kitufe usikilize mota: mlio uwe wa namna moja, usipande na kushuka. Ielekeze kamera dirishani halafu gizani, uone kama sindano ya kipimo cha mwanga inacheza.

Hiyo sindano ndiyo iliyotusumbua zaidi. Kamera nyingi za zamani zina betri mbili za kazi tofauti: za kuendesha mota, na kidonge kidogo cha kupima mwanga. Vidonge vya asili vilikuwa vya zebaki, vya volti 1.35, na havitengenezwi tena. Ukiweka kidonge cha kisasa cha volti 1.5 kinaingia vizuri na sindano inacheza, ila kipimo chake kinaweza kuwa cha uongo, na huwezi kujua mpaka filamu isafishwe. Wengi hutumia betri za zinki-hewa, zilezile za vifaa vya kusikia, kwa sababu volti yake iko karibu na ile ya zamani. Zina kasoro moja: ukishabandua karatasi yake huanza kuisha hata kama huitumii, kwa hiyo ibandue siku ya kazi. Sisi tuliweka betri hizo na bado tukapima mwanga kwa mita ya mkononi kila tulipobadilisha pembe. Vipimo vikipishana, tuliiamini ya mkononi.

Nunua katriji mbili, moja ya shindano na moja ya majaribio. Najua inauma, maana gharama ya kazi hii haiko kwenye kamera. Iko kwenye filamu, kuisafisha, kuiskani na kuisafirisha, na kila katriji unayoongeza inakuja na hayo yote nyuma yake. Katika kundi letu kulikuwa na mabishano makali kama kweli tunahitaji ya majaribio. Niliitetea, na mpaka leo naona ndiyo fedha iliyotumika vizuri kuliko zote. Ile katriji ya kwanza ilitufundisha mambo ambayo hakuna maelezo yangeweza kutufundisha, kwa sababu yalikuwa mambo ya kamera yetu sisi.

La kwanza lilikuwa kasi. Tuliipiga picha simu ikionyesha saa ya kupimia sekunde, na filamu iliposafishwa tukaiweka juu ya kioo chenye taa na kuhesabu fremu kwa kikuza. Kwenye sekunde kumi tulitegemea fremu 240, tukakuta karibu 250. Maana yake kamera iliyoandikwa 24 ilikuwa inakwenda 25. Kwa macho hutaona tofauti, ila kwa sauti ni balaa: katriji nzima ingepita kwenye kamera kwa sekunde 144, lakini ukumbini ingeonyeshwa kwa sekunde 150. Sauti ambayo imepimwa kwa saa ya siku ya kupiga ingemalizika sekunde sita kabla ya picha.

La pili lilikuwa fremu ya kwanza ya kila tukio. Mota ya zamani inapoanza huwa haijashika kasi, na fremu ya mwanzo hupata mwanga mwingi kuliko zinazofuata. Unapata mweko mweupe mfupi kila unapoanza tukio jipya. Usipoutegemea utaudhani ni kosa la usafishaji. Sisi tulipouona tuliamua kupunguza idadi ya matukio na kurefusha yaliyobaki, ili mweko usije mara kwa mara hadi ukachosha macho.

La tatu lilikuwa umbali. Lenzi ya kamera yetu haikuweza kuona vizuri kitu kilicho karibu kuliko hatua moja na nusu, na hadithi yetu ilikuwa ya vidole na magurudumu ya saa! Kamera nyingi zina kitasa cha kupigia vitu vya karibu, kinachofanya kazi lenzi ikiwa kwenye upana wake wote, na zisizo nacho huvalishwa kioo cha kukuza mbele ya lenzi. Kwa umbali huo eneo linaloonekana sawasawa ni jembamba mno. Mkono ukisogea upana wa kidole, picha imepotea.

Kuhusu aina ya filamu, tulichagua Tri-X ya nyeusi na nyeupe. Sababu ya kwanza ni hadithi yenyewe. Sababu ya pili ni mwanga: ni filamu ya kasi ya 200 kwenye mwanga wa jua na 160 kwenye taa za balbu (kasi hii ni wepesi wa filamu kunasa mwanga, siyo ile ya fremu), kwa hiyo meza iliyo kando ya dirisha inatosha. Ujue tu kwamba Tri-X ni ya aina inayotoka kwenye usafishaji ikiwa picha kamili ya kuonyeshwa, bila kupitia negativu, ile picha ya kinyume ambayo nyeupe huonekana nyeusi, na aina hiyo haisamehe. Ukizidisha mwanga, sehemu nyeupe zinafutika kabisa. Filamu za negativu za rangi, kama Vision3, zinavumilia zaidi, hasa mwanga ukizidi kidogo. Mtu asiyejiamini na vipimo aanze na hizo kama masharti yanaruhusu. Na ukitumia nyeusi na nyeupe, hakikisha ile filta ya rangi ya chungwa iliyomo ndani ya kamera imeondoka. Kazi yake ni kurekebisha rangi za filamu za taa zinapotumika juani. Kwenye nyeusi na nyeupe haina faida, na inakula karibu theluthi mbili ya stopu (stopu moja ni kupunguza mwanga kwa nusu) ya mwanga uliouhangaikia.

Mazoezi tulifanya kwa simu, tukaweka fremu ya 4:3 ili tuone upana uleule wa Super 8. Tuliyapanga matukio yote kwa mfuatano na kuyapima kwa sekunde, tukayaonyesha kwa watu wasiojua hadithi. Wakishindwa kueleza kilichotokea, tulirekebisha. Kazi hii ni ya bure, na ndiyo inayopuuzwa zaidi na watu wenye haraka ya kushika kamera ya kweli. Majina ya washiriki tuliyapanga mwanzoni, yameandikwa kwa mkono kwenye stakabadhi za fundi, kwa sababu mwisho wa katriji hauaminiki: kihesabio cha kamera kinakadiria tu. Tukio la mwisho likawa la binti akitembea kuondoka, tukio ambalo likikatika popote bado linaeleweka. Usiweke kilele cha hadithi kwenye futi za mwisho hata kidogo.

Aliyeigiza fundi ni fundi saa wa kweli, mzee aliyefanya kazi hiyo maisha yake yote. Mwigizaji angetuigizia mikono, na mikono haiigiziki. Siku ya kupiga nilimweleza, "Mzee wangu, kila kitu ni mara moja tu. Ukikosea tunaendelea." Akajibu, "Mwanangu, hata mimi springi ikiruka haina mara ya pili." Kisha akaanza kupanga zana zake.

Tukio lililotugharimu moyo ni la kurudisha gurudumu la usawa, kile kigurudumu kinachokwenda na kurudi ndani ya saa, mahali pake. Kamera ilikuwa juu ya stendi ya miguu mitatu, lenzi karibu kugusa meza. Mzee ameweka kikuza jichoni, kibano mkononi, na kile kigurudumu kinaning'inia kwenye springi yake nyembamba kama unywele. Tulikuwa tumechora alama ya chaki mahali kiganja chake kitakapokaa ili asitoke kwenye eneo linaloonekana sawasawa. Tulikuwa tumeipa kazi hiyo sekunde kumi. Nilibonyeza. Kigurudumu kikagusa kitundu chake, kikateleza, mzee akakiinua tena bila haraka, akakiweka, kikakaa. Kisha kikaanza kwenda na kurudi chenyewe. Sekunde zilikuwa zimeshapita zile kumi, na sikuachia kitufe. Kule kuteleza kulikuwa ndiyo hadithi yenyewe, na futi zilizozidi tulizifidia papo hapo kwa kufupisha tukio la mtaani lililokuwa linafuata. Ndiyo maana msimamizi wa hesabu awe na karatasi ya matukio yanayoweza kufupishwa, yamepangwa kwa umuhimu, kabla kazi haijaanza.

Huyo msimamizi wa hesabu ni wa lazima. Kazi yake ni moja tu: kuandika kila tukio limeanza lini, limechukua sekunde ngapi, zimebaki ngapi. Mchana mwenzetu mmoja alifungua mlango wa kamera kumwonyesha mtoto wa jirani katriji ilivyo, akaitoa na kuirudisha. Filamu iliyofichwa ndani ya katriji haikudhurika, ila fremu chache zilizokuwa kwenye dirisha la katriji zilipata mwanga, na kihesabio kikarudi sifuri. Bila ile karatasi tusingejua kama tumebakiwa na dakika moja au nusu. Baada ya hapo mlango wa kamera tuliufunga kwa utepe wa gundi, jambo ambalo nawashauri wote mlifanye tangu asubuhi.

Nimefika kwenye sauti, na hapa naomba nikae kidogo, maana nimeona filamu nzuri nyingi zikianguka hapa. Unaitengeneza sauti ya picha ambayo hujaiona. Wengi hubandika muziki mmoja juu ya kila kitu na kuomba Mungu. Muziki peke yake unafaa kama filamu imejengwa kwa muziki, tena uwe muziki ambao una haki nao kwa maandishi, maana waandaaji wataulizia. Lakini hadithi yenye vitu vinavyogusana inadai sauti zake.

Njia iliyotufaa ni kuiacha simu moja ikirekodi siku nzima karibu na kamera. Super 8 ina kelele, mota inalia kama haitaki kusahauliwa, na kelele hiyo ambayo watu huilaani ndiyo iliyotuokoa. Jioni tuliiweka rekodi kwenye programu ya kuhariri sauti, tukakata na kubakiza zile sehemu tu ambazo mota inasikika, tukaziunganisha kwa mfuatano. Tulichopata kilikuwa ramani ya filamu nzima: kila tukio linapoanza, linapoisha, na ndani yake kibano kinapogusa meza, kiti kinapovutwa, mzee anapokohoa. Kisha, kwa sababu tulishajua kamera yetu inakwenda 25, tukairefusha ramani hiyo kwa uwiano wa 25 kwa 24 ili ifikie urefu wa ukumbini. Juu ya ramani tukarekodi sauti safi moja moja, na mwisho tukaiondoa ramani yenyewe na mota yake.

Hata hivyo kuna sauti tulizikwepa kwa makusudi. Mshale wa sekunde ukionekana huku saa ikilia tiki-tiki, sikio litagundua hata tofauti ndogo sana. Kwa hiyo mlio wa saa tuliuweka pale ambapo uso wa saa hauonekani: juu ya uso wa binti, juu ya mikono ya mzee ikipumzika. Maneno ya kusemwa tuliyaacha kabisa. Midomo ikipishana na sauti, mtazamaji hatakusamehe hadi mwisho.

Kuhusu kutuma: katriji ambayo haijasafishwa itunze mbali na joto. Ukiwa umeihifadhi kwenye friji, iache ifikie joto la chumba ikiwa bado ndani ya kifuko chake kabla hujaifungua, la sivyo unyevu utajikusanya juu ya filamu. Ukisafiri nayo kwa ndege iweke kwenye mzigo wa mkononi na uombe ikaguliwe kwa mkono, maana mashine mpya za viwanja vya ndege zinazotumia eksirei za CT, kama zile za hospitali, huharibu filamu ambayo haijasafishwa. Usiiweke kwenye begi la kupakiwa chini, kwa sababu huko miale ni mikali zaidi. Andika jina la filamu kwenye katriji yenyewe, siyo kwenye boksi tu.

Kungoja ni kugumu kuliko nilivyotarajia. Nilikuwa nikiamka usiku nikijiuliza kama ile filta ilitoka kweli. Ndani ya kundi tuliacha hata kuizungumzia filamu, kila mmoja akiogopa kumtia mwenzake hofu.

Ukumbini, filamu yetu ilipoanza nilisahau kuitazama kama hadithi, nilikuwa nahesabu. Mweko, stakabadhi, mweko, mlango. Mwanga wa dirisha ulitoka vizuri kuliko nilivyothubutu kuomba. Ule mlio wa kiti kuvutwa ulisikika kabla kidogo ya kiti kusogea, na nadhani ni mimi tu niliyejua. Lilipofika tukio la kigurudumu kikiteleza, safu ya mbele yangu nzima ilivuta pumzi kwa pamoja. Sikuwahi kupata hilo kwa video yoyote niliyowahi kuhariri mara mia.

Hatukushinda. Filamu zilizotupita zilikuwa na jambo moja ambalo nimelibeba kwenye rasimu yetu mpya: zilituacha tutazame. Matukio yake yalikuwa machache kuliko yetu, na yalikaa. Sisi bado tulikuwa na mawili matatu ya mtaani ambayo yalikuwa pale kwa kuogopa tu kwamba mtazamaji atachoka na meza.

Baada ya maonyesho waulizeni waandaaji jinsi ya kurudishiwa filamu yenyewe, siyo nakala ya kidijitali peke yake. Ihifadhini pakavu na penye ubaridi, na muinuse mara moja moja: filamu hizi nyingi ni za asetati, na ikianza kunuka siki ujue imeanza kuoza na inabidi itengwe na zingine. Na kwa mara inayofuata nunueni zile katriji mbili kwa pamoja, za toleo moja, ili majaribio yenu yalingane na ile ya shindano.